Kabla Hujakanyaga Yadi ya Magari ya Familia

Yadi ya magari inayoendeshwa na familia ina raha yake. Baba yuko mezani, binti anashika hesabu, mdogo wao yuko nje anaosha magari. Ukiuliza bei, hatumwi mtu kwenda kumsikiliza bosi, maana bosi ndiye aliyekukaribisha kiti. Raha hiyohiyo ndiyo huwaponza wanunuzi: mtu akishakuita ndugu yangu mara tatu, unaona haya kumdai karatasi. Kwa hiyo jiandae ukiwa bado nyumbani.

Mimi huanza na huduma, gari baadaye. Kabla ya kulipwa kila muuzaji ni mkarimu. Pita pale siku ya kazi, usitangaze nia, utazame anavyopokewa mteja aliyerudi na malalamiko. Niliwahi kumwona mama mmoja amesimama mlangoni, funguo mkononi, akisema taa ya injini haizimi. Kijana wa mapokezi akaanza kujitetea. Mzee akatoka ofisini, akapokea funguo, akampakia mama yule na kwenda kulizungusha gari mwenyewe. Hakuahidi kitu. Waliporudi alimwita fundi, akaandika kwenye daftari siku ya kulifuata, akamsomea mama kwa sauti. Mzee yule sikumuuliza mengi tena.

Ulizia pia nani mwenye kauli ya mwisho. Baba anaweza kukubali matairi mapya, na mtoto anayeshika fedha akaja kuyakataa wiki ijayo, wala hakuna aliyesema uongo, hawakuambiana tu. Kila ahadi iingie kwenye mkataba: funguo za akiba, matengenezo ya kwanza, hata redio isiyoshika stesheni. Dhamana nayo ifafanuliwe. Ni ya miezi mingapi au kilomita ngapi, na kipi kikifika kwanza ndicho kinachoifunga? Inagusa injini na giaboksi tu, au na umeme? Spea zikitolewa bure, ufundi nani analipa? Jibu la "tutaelewana" halijamtengenezea mtu giaboksi.

Kama unakopa, pitia kwanza benki yako ujue riba utakayotozwa, halafu uulize jumla ya utakachokuwa umelipa siku ya mwisho. Rejesho dogo la kila mwezi hupumbaza.

Sasa gari lenyewe. Siku moja kabla, piga simu uombe lisiwashwe mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, kuna mtu amelipasha, na injini iliyopashwa huficha uvivu wa kuwaka na milio ya mwanzo. Likishawaka, simama nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mzito mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto huashiria maji ya rejeta yanaingia kwenye injini. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake. Gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko mara nyingi huacha alama ya tope pale ambapo muoshaji hakufikiria kupafuta. Linganisha kilomita za dashibodi na raba ya pedali ya breki. Raba iliyolika hadi chuma kwenye gari la kilomita 40,000 inahitaji maelezo. Tairi nalo lina tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama limepakwa rangi likang'aa.

Namba ya chesisi iandike mwenyewe kutoka kwenye gari, usinakili ya kwenye karatasi, kisha uzilinganishe. Kwa kawaida huwa na herufi na tarakimu 17, bila I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi, kwa hiyo ufupi peke yake usikutishe. Kinachopaswa kukutisha ni kutolingana.

Nenda na fundi wako mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Aangalie pia kama kumbukumbu za hitilafu zilifutwa karibuni, maana zikifutwa, vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe huonekana havijakamilika. Muuzaji anayekasirika kwa ombi hili amekupunguzia kazi.

La mwisho ni umiliki, na hapa biashara za familia zina udhaifu wao: mali ya kampuni na ya nyumbani huchanganyika. Kadi ya gari yaweza kuwa na jina la shemeji aliyehama, au la mwanzilishi aliyefariki na mirathi haijafungwa. Jina la kwenye kadi, la kwenye mkataba, la kwenye risiti na la kwenye akaunti unayolipia yasomeke sawa. Ukiambiwa "tuma tu kwa mdogo wangu, ni yuleyule", mjibu kwa upole kwamba utatuma majina yakishalingana, kisha uinuke kitini.