Namna ya Kutunuku Maabara Inayotunza Mazingira

Kabla ya kutangaza tuzo yoyote, wekeni vipimo. Maabara inayodai kupunguza umeme ilete takwimu za mita za miezi 12 kabla ya mabadiliko na 12 baada yake, la sivyo mtatunuku maneno matupu. Anzeni na friza za baridi kali: inayopandishwa kutoka nyuzi -80 hadi -70 za Selsiasi hupunguza umeme kwa takriban asilimia 30, na mkaguzi anaweza kuthibitisha nyuzi hizo kwa kusoma kipimajoto cha mlangoni. Kisha tazameni makabati ya kufyonza hewa yenye sumu, ambayo vioo vyake vikiachwa wazi usiku hutupa nje hewa iliyokwisha kupozwa kwa gharama.

Kwa madaraja, igeni LEAF, mfumo wa kupima utunzaji wa mazingira maabarani ulioanzishwa na chuo kikuu cha University College London, wenye shaba, fedha na dhahabu; naupendelea kuliko kombe moja, kwani hata maabara yenye vifaa vikuukuu hupata pa kuanzia. Cheti kiwataje mafundi sanifu na wasafishaji, maana ndio wanaovifunga vioo vya makabati hayo jioni.