Samaki Wabichi Oman: Soko, Msimu na Namna ya Kumchagua

Mtu aliyekulia samaki wa Feri, Malindi au Mombasa, akija kuishi Oman hana sababu ya kula vipande vilivyoganda vya duka kubwa. Nchi hii ina pwani ya zaidi ya kilomita 3,000, na baharini wamo haohao tuliowazoea: nguru, jodari, changu, chewa, kolekole, ngisi, dome, kamba. Kinachowaangusha wengi ni kwenda sokoni saa mbaya, katika msimu mbaya, na kuuliza bei kabla ya kumtazama samaki mwenyewe.

Kwa anayekaa Muscat, anzia Mutrah. Soko la samaki lipo kwenye barabara ya ufukweni karibu na Bandari ya Sultan Qaboos, katika jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2017. Nenda alfajiri, ukiweza ufike kabla ya saa 1 asubuhi. Ikifika saa 4 utapata samaki, lakini wazuri watakuwa wameshachukuliwa na wenye mikahawa. Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko, kwa hiyo watu ni wengi na muuzaji hana haja ya kukupunguzia. Ukinunua, kuna mahali pa kupara na kukata ambapo unalipa pembeni. Sema mapema unataka vipande vya unene gani, na kichwa kama unakitaka kwa supu useme, la sivyo unaweza kukikosa.

Wanaoishi upande wa Sib na Barka wasijisumbue kuja mjini. Kule kuna masoko karibu na ufukwe kabisa. Na dada zangu mnaofanya kazi za ndani, ambao kutoka alfajiri ni vigumu, ulizeni majirani kuhusu pikapu za samaki zinazopita mitaani. Samaki wa pikapu anaweza kuwa mzuri sana, mradi umkague kama nitakavyoeleza.

Kiswahili kinasaidia, maana Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar wanakizungumza, basi usione haya kusalimia nacho. Ila wauzaji wengi watakutajia majina ya kwao: kanad ni nguru, jeidhar ni jodari, hamur ni chewa, shaari ni jamii ya changu, habbar ni ngisi na dome.

Sasa msimu, na hapa naomba tuwe makini. Kila mwaka kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba serikali hupiga marufuku uvuvi wa nguru ili apate kuzaliana. Mtu akikunong'oneza Septemba kwamba ana nguru wa leo, ama amevuliwa kinyume cha sheria, ama si wa leo. Mwache. Miezi hiyo kolekole na changu wanatosha kabisa kwa samaki wa kupaka, na jodari anakaa vizuri kwenye mchuzi wa ukwaju. Kamba wa kawaida msimu wao hufunguliwa Septemba mpaka mwisho wa Novemba. Kamba koche kwa kawaida ni Machi na Aprili tu, na jike mwenye mayai haruhusiwi kuvuliwa. Nje ya miezi hiyo, kamba aliyeko sokoni mchukulie kuwa ni wa kufugwa, wa kuletwa au aliyegandishwa, na umlipie bei hiyo.

Kusi nalo lina amri yake. Kati ya Juni na Septemba bahari ya Dhofar na ya kusini huchafuka na vyombo vidogo havitoki kila siku. Muscat ina kinga zaidi, lakini joto linapita nyuzi 40, na joto ndilo adui mkubwa kuliko wimbi.

Kumkagua samaki usione aibu. Hakuna muuzaji wa kweli atakayekasirika. Fungua shavu uone matamvua: yawe mekundu ya damu, yasiwe kahawia wala na ute mzito. Jicho liwe limejaa na kung'aa. Bonyeza nyama kwa kidole. Shimo likibaki, rudisha. Mshike kichwa umlaze hewani: aliyevuliwa punde hukakamaa, hajipindi. Tumbo lililolegea au kupasuka ni dalili mbaya, hasa kwa dagaa na vibua. Jodari aliyekatwa awe mwekundu, asiwe na rangi ya kahawia pembeni. Kamba mwenye kichwa cheusi kinachochomoka kwa kuguswa ameshalala.

Nasisitiza kuhusu jodari, nguru, vibua na dagaa. Samaki hawa wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na moto wa jikoni hauiondoi. Unampika mpaka anakauka, kisha uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unatoka vipele. Wengi hudhani ni mzio, kumbe samaki alisahauliwa kwenye buti la gari. Kwa hiyo beba kasha la barafu kutoka nyumbani, samaki awe wa mwisho katika manunuzi yako, na ukifika mtoe utumbo kwanza kabla ya jambo jingine lolote.

Kwa mwenye hamu ya ng'onda, tafuta awal, yaani papa mkavu, na maleh, samaki wa chumvi. Awal mloweke, mbadilishie maji, umpike kwa nazi. Qasha, dagaa wao wakavu, anakwenda vizuri na ugali. Nazi bichi zinapatikana Salalah, ambako minazi inaota kama kwetu na nazi huuzwa barabarani. Mgeni wako akitoka huko mwagize.

Ukipata samaki wengi, gandisha kwa vipimo vya mlo mmoja mmoja, mfuko ukitolewa hewa na kuandikwa tarehe. Nguru na chewa wanavumilia. Dagaa na vibua uwale mapema, mafuta yao huchacha hata kwenye friza. Pweza mgandishe hata kama unampika kesho kutwa. Akiganda na kuyeyuka analainika mwenyewe, na huhitaji kumpigiza chini katika fleti ambayo jirani yuko ukuta kwa ukuta.