Kuwasha TNF na IL-6 kwenye seli za damu: mwongozo kwa maabara za Moshi

TNF na IL-6 ni jeni za protini zinazoamsha kinga ya mwili. LPS, sumu ya ganda la bakteria, ikishikwa na kipokezi TLR4 cha monositi (aina ya seli nyeupe za damu), habari hupita ndani, protini IκB iliyokuwa imeifungia NF-κB, protini inayowasha jeni, huvunjwa, na NF-κB huingia kwenye kiini na kuwasha jeni hizo. TNF huwahi, saa 1 hadi 2. IL-6 huja baadaye, saa 4 hadi 6. Kuziwasha ni rahisi. Kazi ni kuzizuia zisiwake kabla hujaziamuru.

1. Toa damu mililita 10 kwenye mirija ya heparini, kifuniko cha kijani. Mirija ya zambarau ina EDTA, inakamata kalsiamu. Damu usiiweke kwenye friji wala barafu. Inayotoka Same mchana wa Februari isisafiri kwenye dashibodi ya gari.

2. Ichanganye nusu kwa nusu na PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli), iteremshe polepole juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganisha seli (gramu 1.077 kwa mililita). Sentrifuji 400 g, dakika 30, nyuzi 20, breki imezimwa. Breki ikishika, utando mweupe wa katikati, wenye seli unazotaka, hutibuka na kazi imeharibika. Nyonya utando huo, osha mara mbili: heparini ikibaki hukwamisha PCR, kipimo cha mwisho cha jeni.

3. Weka seli milioni 1 kwa mililita ya RPMI 1640 (kimiminika cha kulishia seli) yenye seramu 10%. Kisima kimoja kipe LPS nanogramu 100 kwa mililita, kingine usikipe kitu. Itikise sana LPS kwanza, hunata kwenye plastiki. Nyuzi 37, CO2 5%. Umeme ukikatika, mlango wa inkubeta usiguswe.

4. Muda ukifika, mimina kiyeyushi cha RNA ndani ya kisima chenyewe. Monositi hung'ang'ania chini. Ukizivuta kwa pipeti unaziacha, na TNF nyingi hutoka kwao.

5. Pima TNF na IL-6 kwa PCR, ulinganishe na HPRT1, jeni ya rejea. Jeni nyingine za rejea hazifai hapa: GAPDH hupanda seli zikiamshwa, B2M huwashwa na interferoni. Tofauti ya mizunguko 5 ya PCR ni takriban mara 32.

Kisima kisichopewa LPS nacho kikionyesha TNF juu? Ndiyo maana unayeyusha pia sampuli ya saa 0, mara tu baada ya kuosha. Ikiwa ya saa 0 tayari iko juu, kosa liko kwenye damu au PBS. Ikiwa iko chini, shuku seramu, RPMI au plastiki. Maji ya kutengenezea PBS na RPMI ndiyo mshukiwa wa kwanza: otoklevu huua bakteria lakini LPS yao hubaki. Vyombo vya kioo vioke nyuzi 250 kwa dakika 30.