Kabla hujaenda Haarlem kuona makumbusho: angalia jua kwanza, tiketi baadaye

Kutoka Amsterdam Centraal, stesheni kuu ya Amsterdam, hadi mji wa Haarlem, Uholanzi, ni dakika 15 hadi 20 kwa treni, na ukaribu huo ndio unaowaponza wageni. Mtu hushinda Amsterdam mpaka mchana, kisha anaamua kupitia Haarlem jioni jioni kabla ya kurudi. Mji wenyewe utauona hivyo. Makumbusho yake, Teylers na lile la Frans Hals, hutayaona, hasa kuanzia Novemba hadi Januari, na sababu yake iko huko mbele. Soma mpaka ufike.

Tuanze na mepesi. Jumatatu usiende. Makumbusho mengi ya Uholanzi hufungwa Jumatatu, na Haarlem imo. Siku nyingine hufunguliwa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Tarehe 25 Desemba, 1 Januari na 27 Aprili, sikukuu ya Mfalme, usipange kitu kabla ya kutazama tovuti ya jumba husika. Hapohapo kwenye tovuti tazama pia ni kumbi zipi zimefungwa kwa ukarabati, maana majengo ya zamani hayaachi kukarabatiwa.

Jambo la saa linawakwaza Waswahili kuliko wengine. Tiketi ya Uholanzi huandikwa kwa saa 24: 14:00 ni saa 8 mchana, na 16:30 ni saa 10 na nusu alasiri. Wanaosoma 14:00 wakaiweka kichwani kama saa 4 wapo, na tiketi yenye muda maalumu haikusubiri. Kumbuka pia kwamba saa za huko husogezwa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Majira ya joto Uholanzi iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 1, majira ya baridi kwa saa 2.

Fedha taslimu usizitegemee. Beba kadi ya benki inayolipa kwa kugusa. Anayeishi Uholanzi akate Museumkaart, kadi ya mwaka inayofungua milango ya mamia ya makumbusho, na itajilipa haraka. Ukiinunua dirishani unapewa kwanza kadi ya muda, ya siku 31 na ziara 5 tu, mpaka uisajili. Mgeni wa siku mbili asijisumbue nayo. Anayetoka nyumbani kwa viza ya Schengen anajua habari ya bima: isipungue euro 30,000, na maombi yapelekwe mapema, si wiki mbili kabla ya safari.

Sasa usafiri. Kwenye treni unaweza kugusa kadi yako ya benki getini wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka. Kosa kubwa ni kuingia kwa kadi na kutoka kwa simu. Hata kama simu inalipa kutoka akaunti ileile, mashine inaziona kama kadi mbili tofauti: safari moja haikufungwa, nyingine haikufunguliwa, na utatozwa zaidi ya nauli. Kila mtu awe na kadi yake. Baba hawezi kugusa mara nne kwa ajili ya mama na watoto. Wasio na kadi wanunuliwe tiketi mashineni au mtandaoni. Tena usishuke Haarlem Spaarnwoude. Ni kituo kidogo kinachotangulia ukitokea Amsterdam, jina linafanana, na ukishuka hapo umeachwa mbali na mji mkongwe. Unachotaka ni Haarlem tupu. Mwishoni mwa wiki njia za reli hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo, kwa hiyo tazama programu ya NS, shirika la reli la Uholanzi, usiku wa kuamkia safari. Ukitokea uwanja wa Schiphol, basi namba 300 linafika Haarlem bila kubadili.

Mizigo mikubwa haiingii. Begi la mgongoni nalo utaambiwa uliweke kwenye kabati la kufungia au ulivae kifuani, kwa sababu anayegeuka ghafla na begi mgongoni hajui amegusa nini. Masanduku ya safari yaache ulikolala au kwenye makabati ya Amsterdam Centraal. Picha piga bila mmweko. Ukitaka kuchora, chukua penseli. Kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na kazi za sanaa.

Tufike kwenye lile lililoahidiwa.

Teylers, lililo Spaarne 16 ukingoni mwa mto, ndilo jumba la makumbusho kongwe kuliko yote Uholanzi. Lilifunguliwa 1784 kwa mali ya Pieter Teyler van der Hulst, mfanyabiashara na mwenye benki wa Haarlem aliyefariki 1778 akiacha wosia kwamba utajiri wake uendeleze sanaa, sayansi na dini. Moyo wake ni Ukumbi wa Duaradufu: kabati za mbao zilizozunguka ukuta, vitabu juu, meza ya madini katikati, na vioo vya paa vinavyoteremsha mwanga. Mwanga huo ndio wenyewe. Kumbi za zamani zilijengwa kuangazwa na jua, kwa madirisha ya juu, na mpaka leo ndivyo zinavyoonwa. Waliojenga hawakuwa na umeme wa kuwashia taa, na mishumaa kati ya mbao na karatasi ingekuwa mwaliko wa moto.

Kwa mtu wa Mombasa au Zanzibar, jua ni jambo la kutegemewa: linachomoza karibu saa 12 asubuhi na kuchwa karibu saa 12 jioni mwaka mzima. Haarlem iko nyuzi 52 kaskazini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua huchwa baada ya saa 4 usiku. Mwishoni mwa Desemba huchomoza karibu saa 3 kasorobo asubuhi na kuchwa saa 10 na nusu alasiri, nusu saa kabla ya jumba kufungwa. Hata saa 6 mchana wa siku hiyo linafika nyuzi 14 tu juu ya upeo wa macho, chini kuliko paa la nyumba ya jirani, na mara nyingi liko nyuma ya mawingu. Zaidi ya hayo, saa zikirudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, machweo yanaruka kutoka kama saa 12 na nusu hadi kama saa 11 na nusu kwa usiku mmoja tu.

Hebu fuata siku ya mgeni wa Desemba aliyetoka Amsterdam saa 8 mchana. Anafika jumbani saa 9 kasorobo, anaacha koti, anaingia kumbi za visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, zilizo mbele. Anaona vitu vingi, anasimama kila kabati, kwa sababu kalipa na anataka kuona. Saa 9 na nusu bado yuko kwenye visukuku. Anapofika kwenye vyombo vya kisayansi, shaba na kioo vimeanza kuwa vivuli. Ukumbi wa Duaradufu anaukuta saa 10, na hapo macho yanatafuta. Madini ambayo rangi zake ndizo sababu ya kuwekwa pale yote yamekuwa kijivu. Maandishi ya karatasi ndogo hayasomeki. Anainua simu awashe tochi, mlinzi anamwomba aizime. Anatoka akisema jumba ni zuri ila halina taa za kutosha, na hakuna aliyemwambia kwamba alilinunulia tiketi jua lililokuwa linakwenda kulala.

Kwa hiyo: kuanzia Novemba hadi mwisho wa Januari, uwe mlangoni jumba linapofunguliwa. Usianze na kilicho mbele. Pita kumbi za visukuku bila kusimama, nenda moja kwa moja hadi Ukumbi wa Duaradufu, utazame kuanzia saa 5 hadi saa 7 mchana, kisha rudi kwenye vyombo, kisha kwenye visukuku. Siku ya mawingu mazito ongeza subira: macho yanahitaji dakika kadhaa kuzoea mwanga hafifu, na anayetazama simu kila mara anayarudisha mwanzo. Kuanzia Machi hofu hii inapungua, na Juni haipo kabisa.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Tazama mashine ya umeme tuli iliyotengenezwa na fundi wa vyombo vya kisayansi John Cuthbertson mjini Amsterdam, 1784, kwa agizo la Martinus van Marum, mkurugenzi wa kwanza. Ni sahani mbili za kioo zenye kipenyo cha mita 1.65, zilizozungushwa kwa mikono ya wanaume huku zikisuguliwa na mito, mpaka chaji ikaruka kama cheche ya urefu wa sentimita 60 hivi. Kando kuna mitungi ya Leiden, chupa za kioo zilizofunikwa kwa metali ndani na nje, za kuhifadhi chaji hiyo. Sasa mashine imetulia na haiendeshwi. Utakachokwenda kuona ni umbo lake, na kioo bila mwanga hakina umbo.

Visukuku navyo vina hoja yake. Kipo kimoja kilichotangazwa 1726 na mwanasayansi wa Uswisi Johann Jakob Scheuchzer kuwa mifupa ya mtu aliyezama katika gharika ya Nuhu. Van Marum alikinunua 1802. Mwaka 1811 mwanasayansi wa Ufaransa Georges Cuvier alikuja Haarlem, akachokonoa jiwe polepole, mikono ya mbele ikajitokeza, na ikawa si mtu bali salamanda mkubwa. Kingine ni bapa la jiwe kutoka Bavaria, lililopatikana 1855 na kuhesabiwa kuwa mjusi arukaye, mpaka mtaalamu wa visukuku wa Marekani John Ostrom alipolitazama 1970 akaona alama hafifu za manyoya. Alisema ni Archaeopteryx, jamaa wa kale mno wa ndege. 2017 wataalamu wengine wakampa mnyama huyo jina jipya, Ostromia. Jambo la kushika ni hili: alama hizo zimechongeka kidogo mno kwenye jiwe, na zinaonekana mwanga ukizigusa kwa ubavu. Simama, sogea kushoto, sogea kulia, inama. Anayepita akitazama kutoka juu ataona jiwe tu.

Michoro ya karatasi ina sheria iliyo kinyume kabisa. Teylers inamiliki michoro ya Michelangelo na Raffaello, wasanii wakubwa wa Italia, iliyonunuliwa 1790 na kuwahi kuwa katika mkusanyiko wa Malkia Christina wa Sweden. Watu husafiri kwa ajili yake, wakafika, wakaambiwa haiko ukutani. Haijafichwa kwa roho mbaya. Mwanga unafifisha wino na kuigeuza karatasi rangi, na uharibifu huo haurudishiki, kwa hiyo michoro hutolewa kwa zamu kwa muda mfupi na kurudishwa gizani. Kama ni hiyo unayoifuata, tazama ratiba ya maonyesho kabla ya kukata tiketi ya ndege, si baada.

Jumba la Frans Hals, mchoraji wa Haarlem wa karne ya 17, halina masharti makali hivyo, ndiyo maana ulipange alasiri. Liko Groot Heiligland 62, mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu kutoka Teylers. Lina jengo jingine Grote Markt, lenye sanaa ya siku za karibuni, na wapo wanaoingia huko wakamtafuta Hals bila kumpata. Soma anwani kwenye tiketi. Jengo la Groot Heiligland lilianza 1609 kama makao ya wazee wa kiume, na limekuwa makumbusho tangu 1913. Picha kubwa za askari mgambo wa mji, kama ile ya 1616 yenye upana unaozidi mita 3, zitazame kwanza kutoka mbali, hatua nne au tano, kisha sogea. Kwa mbali ni hariri na kola za kitani. Kwa karibu ni michirizi ya brashi iliyopakwa kwa haraka na kuachwa hivyo. Usikose wasimamizi wa kiume na wa kike wa makao hayohayo, waliochorwa 1664 Hals akiwa na miaka kama 80. Kazi za Hals husafiri kwenda maonyesho ya nchi nyingine, kama ilivyokuwa 2023 na 2024, kwa hiyo ikiwa picha moja ndiyo iliyokutoa nyumbani, uliza kwanza kama ipo.

Kanisa la St. Bavo liko njiani, na ndani amezikwa Hals. Kinanda chake, kilichoundwa na Christian Müller, kilikamilika 1738, na mtunzi wa muziki Mozart alikipiga 1766 akiwa na miaka 10. Ni kanisa linalotumika; kukiwa na ibada au mazishi, subiri nje.

Viatu viwe vya kutembelea, maana mitaa ya kale ni ya mawe na sakafuni utasimama kwa muda wa saa nne au tano. Njia zenye lami nyekundu ni za baiskeli, na waendeshaji hawategemei kukukuta humo ukitazama ramani. Koti la mvua ni bora kuliko mwavuli, kwa sababu upepo wa huko huupindua mwavuli, na mwavuli uliolowa hutaruhusiwa kuingia nao kumbini. Watoto wapewe chakula kabla ya kuingia, si katikati. Simu iwe na chaji ya kutosha kwa tiketi za kurudi. Na getini, gusa kadi ileile uliyoingia nayo asubuhi.