Kisu cha mfukoni cha zamani: kipi ununue, kipi utembee nacho ughaibuni

Visu vya kukunja vya zamani, vile vya springi mgongoni unavyovifungua kwa ukucha, bado vipo tele kwenye minada ya Ulaya na Marekani. Kuvikusanya ni rahisi. Ugumu upo katika kujua kipi ni cha kabatini na kipi unaweza kutoka nacho, na kwa mtu anayeishi kwa kibali, kesi ya silaha si ya kuichezea.

Uingereza inakuruhusu kubeba kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3 (sentimita 7.62), mradi ubapa haujifungi ukishafunguliwa, yaani hauna kufuli la kuukaza usikunjike. Ukijifunga, hata kiwe kidogo namna gani, lazima uwe na sababu ya msingi ya kuwa nacho hadharani, na kujilinda si sababu. Kwa hiyo Opinel namba 8, kisu kizuri mno cha Ufaransa chenye mpini wa mti, kinakwama mara mbili: ubapa wake ni wa sentimita 8.5, tena kina pete ya kuufunga. Visu vya kufyatuka, vile ambavyo ubapa huruka wenyewe ukibonyeza kitufe, ndivyo vibaya zaidi. Tangu 2021 haviruhusiwi hata ndani ya nyumba yako, basi kama ni mkusanyaji usivinunue kabisa.

Ujerumani inabana visu vinavyojifunga na kufunguka kwa mkono mmoja, na mwaka 2024 ikaongeza marufuku kwenye sherehe za hadhara na treni za masafa marefu. Marekani kila jimbo lina lake, na miji mingine huongeza ya kwake. Uliza kabla ya kuhama jimbo.

Unaponunua, kiangalie kisu kwa utulivu. Linganisha upana wa ubapa na shina lake, pale unapoingia kwenye mpini: ubapa uliokonda kuliko shina umeshanolewa mpaka umeisha. Ufungue taratibu. Springi nzima huuvuta na kuugotesha kwa mlio mkavu, kufungua na kufunga. Ushike ncha uutikise. Ukicheza pembeni, ribiti, yaani pini zinazoushikilia, zimelegea. Rangi ya kijivu kwenye chuma cha zamani isikutishe, hiyo ndiyo afya yake. Mimi hukiogopa zaidi kinachong'aa kama kioo, kwa sababu mara nyingi kimesuguliwa kwa mashine na chapa imefutika.

Chapa hiyo ya shinani ndiyo cheti cha kuzaliwa. Kampuni ya Case ya Bradford, Pennsylvania, ilianza mwaka 1970 kuweka nukta 10 chini ya jina lake, ikawa inapunguza moja kila mwaka. Nukta 3 maana yake 1977. Mwaka 1980 walirudia kuhesabu kutoka 10, lakini herufi S ikachorwa kama radi, kwa hiyo tazama S kabla ya kuhesabu nukta.

Nyumbani, pangusa ubapa kwa kitambaa kikavu, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye maungio, basi. Usikilaze kisu ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu na kutu huanzia hapo. Vyenye mipini ya seluloidi, plastiki ya zamani, vitenge peke yake. Seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke unaokula chuma, na kisu kimoja kinaweza kuharibu droo nzima.

Mpini wa pembe za ndovu mimi huuacha huko huko sokoni, na wewe nakushauri hivyo. Uingereza imebana biashara yake tangu 2022, na kuuvusha mpaka bila vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ni kosa hata kama kisu ni cha karne iliyopita. Mfupa wa ng'ombe, pembe ya kulungu na mti kwa kawaida havina shida hiyo.

Siku ya safari, kisu kiende kwenye mzigo unaopakiwa chini ya ndege, kimefungwa na kuviringishwa vizuri. Kagua pia mifuko ya koti na begi la mkononi usiku wa kuamkia safari, halafu soma sheria ya nchi unayoshukia, si ya unayoondoka tu.