Kabla Hujachomeka Tyuna ya TV Kwenye Kompyuta Yako

Kama una kompyuta mpakato na huna hela ya televisheni, kuna njia. Tyuna ni kale kadude kanakofanana na flashi: unakachomeka kwenye tundu la USB, unaunga antena, unaangalia chaneli bila kula bando. Mimi nimeangalia hivyo taarifa ya habari na mpira kwa muda mrefu hapa Igogo, Mwanza. Ila kuna mambo ya kuweka sawa kabla hujatoa hela, na lile la radi nakuomba usiliruke.

Soma boksi kabla ya kulipa. Tafuta maandishi DVB-T2. Huo ndio mfumo ambao nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuutumia. Tyuna iliyoandikwa DVB-T tu, bila ile 2, itatafuta chaneli mwanzo hadi mwisho na kurudi mikono mitupu. ATSC ni ya Marekani, ISDB-T ni ya Japani, DVB-S2 ni ya dishi. Hata ziwe bei chee, ziache. Muuzaji wa pale sokoni Makoroboi akikuambia zote ni dijitali, mwambie aichomeke hapohapo uone.

Chaneli za kulipia usizihesabu. Zinafunguliwa na kadi ya king'amuzi, na tyuna haina pa kuweka kadi.

Hakikisha draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitambua tyuna, inakubali mfumo wa kompyuta yako. Programu ikikuuliza upana wa chaneli, chagua MHz 8. Kompyuta ikiwa ya zamani sana itahema: feni inapiga kelele, picha inakatakata, na wewe utahangaika na antena ambayo haina kosa.

Antena sasa. Mwanza ni mji wa mawe, na nyumba zetu nyingi zimejibanza mlimani. Jiwe likikaa kati yako na mnara, ile fimbo ndogo yenye sumaku iliyokuja kwenye boksi haitakusaidia ukiwa ndani. Ibandike kwanza juu ya sinia la chuma dirishani, ujaribu. Tulizoea analojia, ambayo huku kwetu ilizimwa mwisho wa Februari 2013: ukiona chenga unazungusha antena mpaka zipungue. Dijitali haina chenga. Picha ni safi, au inakuwa vipande vya mraba na kuganda. Kwa hiyo zungusha ukiangalia kipimo cha mawimbi kwenye programu, polepole. Ukiishia kununua antena ya nje, nunua waya wa ohm 75, na nenda na tyuna yako dukani upate adapta inayoingia, maana tundu lake ni dogo kuliko la televisheni.

Na ukishaweka antena ya nje, ndipo radi inapokuhusu.

Ilikuwa Aprili, saa nne usiku, umeme umekatika mtaa mzima. Tulikuwa sebuleni, kompyuta ya mdogo wangu iko mezani inatumia betri, antena iko juu ya bati. Ziwani kulikuwa kunamulika tangu jioni. Usiku upepo wa nchi kavu huteremka kutoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto, mawingu yanajengeka palepale, na ndiyo maana ziwa letu ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mama akaita kutoka chumbani, "Zimeni hiyo, hamsikii radi?" Nikamjibu, "Mama, umeme wenyewe haupo, hii ni betri tu."

Radi haikupiga nyumba yetu. Ilipiga juu mlimani, kwenye mawe. Nilisikia mlio mdogo ndani ya kompyuta, kama kijiti kikavu kikivunjika, kioo kikawa cheusi, na chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Asubuhi nikakuta ganda la tyuna limepasuka ubavuni, na vile vibati vinne vya rangi ya dhahabu ndani ya tundu la USB vimekuwa vyeusi kama masizi.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na mahojiano ya miezi mitatu na akina mama wauza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, kazi ya utafiti wa chuo wa mdogo wangu. Nakala ilikuwa hiyo moja. Fundi alifungua, akatuonyesha ubao mkuu ulivyoungua. Diski haikusomeka tena. Mdogo wangu hakunilaumu hata neno. Alirudi Mwaloni alfajiri na daftari kuanza upya, na baadhi ya wale akina mama hakuwakuta.

Nilidhani hatari inapita kwenye soketi ya ukutani. Kumbe waya wa antena ni shaba inayotoka paani moja kwa moja hadi kwenye ubao wa kompyuta, na radi ikipiga hata jirani inaamsha umeme ndani ya waya huo. Betri haikukingi. Kwa hiyo ukiona tu ziwa linamulika, chomoa tyuna kwenye kompyuta na waya uutoe nje kabisa. Fanya mapema. Mvua ikishafika juu yako, usiuguse waya huo tena. Mlingoti wa chuma mwite fundi umeme aufunge ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, na hata akishaufunga, endelea kuchomoa.

Kazi zako zinakili kwenye flashi nyingine leo, kabla hujachomeka chochote. Tyuna inapata moto, usiifunike. Tumia kiwaya cha kuirefusha, usije ukaipiga kiwiko ukavunja tundu la USB. Usipande kwenye bati lililolowa, usimtume mtoto apande, na ukiwa huko juu angalia nyaya za nguzo ya umeme zinapita wapi kabla hujainua mlingoti.