SOMO: Sindano ya maji haijui gia boksi inachemka (kwa wanaovuta trela na gari ya oto)

Wakuu salama. Wengi tunapanda mlima Kitonga, njia ya Iringa, jicho likiwa kwenye sindano ya joto la maji. Ikikaa katikati, tunakanyaga. Mimi niliiamini miaka mingi, mpaka Prado yangu ya 2.7 ilipogoma kona za juu na trela la muziki nyuma: spika, jenereta, vyote vya harusi ya Iringa. Injini inanguruma, gari haisogei, na sindano iko katikati vilevile. Nilipochomoa stiki ya gia boksi, oili iliyokuwa nyekundu ilikuwa kahawa tupu, inanuka mkate ulioungua. Nikadondosha tone kwenye tishu nyeupe: badala ya kusambaa, likabaki doa jeusi lenye chengachenga. Hizo chenga ni klachi zangu za ndani ya gia boksi. Gia boksi ya mtumba ilikula malipo ya ile harusi na harusi mbili zilizofuata.

Kwanza ujue joto linatoka wapi. Gari ya oto haina klachi ya mguu. Injini inaizungusha gia boksi kupitia oili iliyomo ndani ya tokonvata: upande mmoja unaisukuma oili, wa pili unasukumwa nayo. Ukitembea vizuri tambarare, kuna klachi ndogo mle ndani inazifunga pande zote mbili zizunguke pamoja, na joto linabaki dogo. Ukipanda polepole na mzigo, ile klachi inaachia, oili inachapwa kama uji, na nguvu isiyofika kwenye matairi inageuka moto. Oili hiyo inaenda kupozwa kwenye rejeta ya maji, na haiwezi kupoa kuliko maji yaliyoizunguka. Maji ni mengi, oili ni chache. Ndiyo maana gia boksi inaweza kuungua huku sindano ya maji imetulia.

Hatua ya 1: uzito. Soma kitabu cha gari lako, si maneno ya muuzaji. Trela lisilo na breki zake, kwa SUV nyingi za aina ya Prado kikomo ni kilo 750, pamoja na chuma cha trela lenyewe. Mimi nilipeleka langu mizani baada ya hasara. Ningelipeleka kabla.

Hatua ya 2: oili. Weka aina iliyoandikwa kwenye stiki au kitabuni. Toyota inayotumia oili ya T-IV usiimwagie WS, wala ya WS usiimwagie T-IV kwa sababu dukani wamesema zote nyekundu. Ukifungua nati ya chini inatoka kama theluthi tu, nyingine inabaki kwenye tokonvata, kwa hiyo kumwaga mara moja si kubadilisha. Kwa anayevuta mara kwa mara, mimi nasema kila kilomita 40,000.

Hatua ya 3: lione joto. Nunua kile kidude cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, simu ikuoneshe joto la oili ya gia boksi. Si kila gari inatoa namba hiyo. Ikikataa, mwambie fundi umeme afunge kipima joto kwenye bomba la oili inayotoka gia boksi kwenda rejeta. Bila trela utaona nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Mlimani na trela, 105 hadi 110 navumilia. Ikifika 120 napunguza mguu, 130 napaki. Ile taa ya onyo ya dashibodi, A/T OIL TEMP, usiifanye kipimo. Ikiwaka, oili imeshateseka.

Hatua ya 4: rejeta ndogo ya oili. Inakaa mbele, inapopigwa na upepo. Oili ipite rejeta kubwa kwanza, kisha hii ndogo, ndipo irudi gia boksi. Mpira uwe wa oili ya moto, usikubali wa maji. Na usiruhusu ifungwe kwa tai za plastiki zinazopenya kwenye mapezi ya rejeta. Zinasagana na rejeta mpaka inatoboka. Kabla ya gharama hiyo, osha rejeta uliyonayo. Yangu ilikuwa na panzi wa tangu Mikumi.

Hatua ya 5: mguu na mkono. Hapa ndipo penye kazi. Ruaha Mbuyuni kuna joto, na wengi tunafika pale gari limeshakimbia kutwa. Simama, nunua vitunguu, tazama namba ishuke. Kisha zima O/D (ovadraivu, ile gia ya juu kabisa), au vuta mkono wa gia hadi 3, *kabla* mlima haujaanza. Ukiiacha D, gia boksi inahangaika: inapanda, inashuka, inapanda, na kila mara ile klachi ya tokonvata inaachia. Gia ndogo inapiga kelele, ndiyo, lakini kelele si ugonjwa. Raundi zikipanda, pampu ya oili na feni vinazunguka kasi, na tokonvata haitelezi sana. Zima na AC, maana joto lake linatupwa mbele ya rejeta.

Ukikwama nyuma ya semi inayotambaa, usilizuie gari mlimani kwa mafuta. Kanyaga breki, acha nafasi iwe kubwa, kisha nenda kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 6: ikizidi. Toka barabarani, vuta hendibreki, tia P, weka mawe kwenye matairi ya gari na ya trela, na *usizime injini*. Ukizima, pampu inasimama na oili ya moto inabaki palepale.

Maswali sasa.

Mkuu, nikiweka 4L (zile gia nzito za 4x4) si ndiyo gia boksi inapumzika kabisa?
Ni kweli inapumzika, ila kwenye lami kavu yenye kona, difu ya kati ikiwa imefungwa, matairi yanagombana na utavunja kitu kingine. Kwenye vumbi na tope, sawa.

Mie nina X-Trail ya CVT (oto isiyo na gia za hatua). Somo linanihusu?
Linakuhusu zaidi, dada. Mle kuna mkanda wa chuma na oili yake maalum. Ikipata moto inajikata nguvu yenyewe, unabaki unapanda kama baiskeli. Usibishane nayo, simama. Trela zito usilifungie kabisa.

Oili yangu imekuwa ya pinki kama maziwa. Niongeze?
Usiwashe gari, kaka! Rejeta imepasuka ndani, maji yameingia gia boksi. Vuta kwa breakdown yenye kitanda, badilisha rejeta, oili yote itolewe. Kila kilomita unayotembea inazitoa klachi gundi.

Naja Naivasha na boti kutoka Nairobi. Kushuka Mai Mahiu kuna shida?
Kushuka, breki ndizo zitachemka. Shuka kwa gia ndogo. Kurudi ndiko kwenye somo hili. Jaribu kupanda alfajiri, kabla malori hayajapanga foleni. Na mimina maji yote yaliyobaki ndani ya boti kwanza: lita mia ni kilo mia.